Mashine Imelia, Bastola Iende Wapi?

Miaka si mingi iliyopita, mkazi wa Mbeya alikutana na mashine ya kukagua vyuma akienda kupanda ndege Songwe, uwanja uliofunguliwa mwishoni mwa 2012, au akiingia kwenye ofisi chache ambako mtu haendi bila barua mkononi. Siku hizi mashine hizo zimeshuka hadi mtaani. Zipo kwenye milango ya baadhi ya hoteli, kumbi za mikutano na hata kumbi za harusi, na siku ya mechi kubwa Sokoine utamkuta kijana wa kampuni ya ulinzi ameshika kirungu cheusi kinacholia kila kikipita juu ya funguo za pikipiki. Sababu hazijifichi. Agosti 2025 tuliandaa CHAN pamoja na Kenya na Uganda, na nchi hizo hizo tatu zimepewa AFCON ya 2027, kwa hiyo usalama wa milangoni umekuwa wimbo wa kila kikao cha michezo, na kinachoanza Dar es Salaam leo hufika Mwanjelwa kesho kutwa. Mbeya City nayo imerudi Ligi Kuu msimu wa 2025/26 kuungana na Prisons, maana yake Sokoine inawapokea Simba na Yanga mara mbili mbili. Pamoja na mashine yamekuja manung'uniko ya kundi ambalo zamani hatukulisikia: wenye leseni za bastola. Wanasema wanazuiwa milangoni kama wahalifu ilhali serikali yenyewe ndiyo iliyowapa kibali.

Upande wa pili unawajibu kwa hasira kwamba bastola haina kazi harusini wala mpirani, basi ugomvi unaishia hapo, kila mtu na lake. Mimi naona pande zote mbili zinagombania jambo dogo na kuliacha kubwa. Kama mwenye leseni aingie na silaha yake ukumbini au asiingie, jibu ni rahisi: asiingie. Gumu ni linalofuata, dakika ile mashine inapolia kiunoni mwa mtu ambaye hajavunja sheria yoyote. Bastola iende wapi? Ukumbi uliofunga mashine mlangoni bila kuandaa jibu la swali hilo umeichukua silaha iliyokuwa imetulia kiunoni mwa mtu mmoja aliyechunguzwa na kuifanya izunguke mikononi mwa watu ambao hawajachunguzwa na yeyote. Hatari hiyo haikuwepo kabla ya mashine.

Tuanze na sheria. Umiliki wa bastola nchini unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Anayetaka silaha haanzi dukani. Anaanza serikali ya mtaa au ya kijiji, kwa watu wanaojua kama ni mlevi, mgomvi, au mtu anayeinua mkono nyumbani kwake. Maombi yanapanda hadi kwa polisi wa wilaya na kamati ya ulinzi na usalama, yanakwenda mkoani, na kibali kikitoka ni cha mtu huyo na silaha hiyo, hakiazimishwi. Mwaka 2016 wamiliki waliitwa nchi nzima kuhakiki silaha zao, na waliopanga foleni polisi wakati ule wanakumbuka kwamba namba iliyochongwa kwenye chuma ililinganishwa na iliyoandikwa kwenye kitabu, moja baada ya moja. Kwa hiyo wenye leseni wakisema wamechujwa, wanasema kweli.

Nao wana sababu za kubeba, hasa ukanda wetu huu. Mnunuzi wa dhahabu anayetoka Makongolosi au Matundasi, hata baada ya serikali kufungua masoko ya madini mwaka 2019, bado kuna siku analala njiani na mzigo au na fedha. Mwenye vituo vya mafuta, mbadilisha fedha wa Tunduma, msafirishaji anayelipa madereva kwa taslimu, mnunuzi wa maparachichi anayezunguka Rungwe na Njombe msimu wa mavuno: simu imewapunguzia noti mfukoni, lakini haijazimaliza. Na Mbeya ina kumbukumbu yake. Waliokuwepo miaka ya wapiga nondo, wahalifu waliovizia watu usiku na kuwapiga kwa vyuma, wanajua ilikuwaje kurudi nyumbani usiku kupitia Ilomba au Mabatini huku unageuka nyuma kila hatua tano. Mtu mzima aliyeonja hofu ile akipata uwezo na kibali ananunua bastola, na simshangai. Magobore ya Chunya na ya vijiji vinavyopakana na Ruaha kule Iringa ni habari nyingine kabisa. Hayo hayaji harusini, na ndiyo yanayolengwa serikali inapotangaza msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu.

Kuna jambo jingine la kwetu ambalo watu wa pwani hawalipati sawasawa. Dar es Salaam mtu amevaa shati moja jepesi, na bastola kiunoni inajichora yenyewe. Mbeya mwezi wa sita na wa saba, au Makambako na Njombe karibu mwaka mzima, kila mtu ana koti, na juu ya koti shali. Chini ya koti la baridi unaweza kuficha bastola, magazini ya akiba na kitabu cha hesabu, na jirani yako mezani asijue. Mlinzi wa huku hawezi kutegemea macho. Lazima apapase au apitishe mashine. Kwa hiyo wanaosema mashine ni maringo ya mjini wangekumbuka kwanza hali ya hewa yao wenyewe.

Mashine yenyewe haina akili nyingi. Inatengeneza uga wa sumaku, chuma kikipita uga unavurugika, inalia. Haijui bastola na haijui mkanda. Wapo wanaoamini kwamba bastola za kisasa zenye mwili wa plastiki, kama Glock, zinapita kimya. Si kweli, maana mtutu na sehemu ya juu inayorudi nyuma ni chuma. Kinachoipitisha bastola ni foleni. Watu wakishakuwa wengi na sherehe imeanza, mlinzi anaacha kujali mlio, kwa kuwa kila mtu analia. Wamarekani wenye fedha na teknolojia wamekutana na shida hiyo hiyo. Mwaka 2024 jiji la New York lilijaribu kwa siku 30, kwenye vituo 20 vya treni za chini ya ardhi, mashine zilizosifiwa kuwa zinatumia akili mnemba kutofautisha silaha na vitu vingine. Katika ukaguzi 2,749 hazikukamata bunduki hata moja. Zilipata visu 12, na mara 118 zililia kwa mtu asiye na kitu. Sisemi mashine hazifai. Nasema mashine inafanya kazi moja tu, kuuliza swali, na mtu aliyesimama pale mlangoni ndiye anayepaswa kujua la kufanya akijibiwa.

Sasa tusikilize hoja za wenye leseni, maana zinatofautiana uzito. Ya kwanza ni ile ya kuchujwa: kama mtaa, wilaya na mkoa vimeniamini, mlinzi anayelipwa kwa mwezi fedha isiyofika bei ya magazini yangu ananizuia kwa mamlaka ya nani? Ukiacha dharau iliyomo, hoja ina mashiko. Lakini inachanganya vitu viwili. Leseni inasema unafaa kumiliki, haisemi kila mwenye mlango amekubali kukukaribisha na chuma chako. Mwenye ukumbi ana haki ya kukataa viatu vya matope, seuze bastola. Na kuna shida ya mlangoni yenyewe: mlinzi hana njia ya kujua kitabu ulichomwonyesha ni cha kweli. Hana mtandao wa polisi mbele yake, hajui saini ya msajili, na mwenye nia mbaya ndiye atakayekuja na karatasi nzuri kuliko wote. Machi 2017 nchi nzima iliona kwenye picha mtu aliyevaa kiraia akimtolea bastola Nape Nnauye, aliyekuwa ametoka tu kuondolewa uwaziri, nje ya hoteli moja Dar es Salaam mbele ya waandishi wa habari. Kwa siku kadhaa watu waliulizana yule ni nani, na ni askari au si askari. Kama kamera za nchi nzima hazikuweza kujibu swali hilo mchana kweupe, kijana wa zamu ya usiku mlangoni hapa Soweto ya Mbeya atalijibuje?

Hoja ya pili inaniumiza kichwa zaidi, na ni ya Westgate. Septemba 2013 magaidi walivamia jengo lile la maduka Nairobi na kuua watu 67. Kabla vikosi vya serikali havijajipanga, raia wachache wenye bastola za leseni waliingia pamoja na polisi waliovaa kiraia, wakatoa watu waliokuwa wamejificha chini ya meza na nyuma ya kaunta. Anayejulikana zaidi ni Abdul Haji, ambaye baadaye alikuwa seneta wa Garissa. Hakuna anayeweza kusema hakuokoa watu. Wenye leseni wa kwetu wanauliza: kama siku ile wote wangekuwa wameziacha bastola nyumbani, ingekuwaje? Swali ni halali, na sitalijibu kwa kejeli. Ila tazameni vizuri alikotoka. Hakuwa ndani ya Westgate. Alikuwa sehemu nyingine ya jiji kwenye mazungumzo ya biashara, akapata ujumbe wa ndugu yake aliyekwama ndani, akaenda. Silaha iliyosaidia siku ile ilitoka nje ikaingia, ikiwa mkononi mwa mtu aliyejua anakwenda kufanya nini. Na mkasa huo huo una upande ambao hausimuliwi sana kwenye vijiwe: jeshi lilipofika, katika vurugu za nani ni nani, mmoja wa makamanda wa kikosi maalumu cha polisi aliuawa kwa risasi za upande wake mwenyewe. Hao walikuwa watu wenye mafunzo na sare. Ukumbi wenye bastola kumi za kiraia chini ya makoti, taa zimezimika, ungezaa makamanda wangapi wa namna hiyo? Kwa hiyo Westgate inatufundisha kwamba mtu mmoja jasiri anaweza kuwa na thamani kubwa. Haitufundishi kwamba kila harusi inahitaji bastola mezani.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa sana, nimeisikia hata kwa watu wenye shahada: huku Nyanda za Juu hakuna magaidi, kwa hiyo kusachi watu ni usumbufu. Anayesema hivyo anadhani mlango unamtafuta gaidi tu. Hatari ya kila siku ya silaha kwenye mkusanyiko ni mtu wa kawaida, mwenye leseni halali, aliyekunywa, au aliyekanyagwa kiatu, au aliyekutana na mdeni wake, au aliyegongwa gari. Novemba 2006 aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Tabora alishtakiwa kwa kumuua dereva wa daladala kwa bastola jijini Dar es Salaam baada ya mzozo wa barabarani. Alifariki 2008 kesi haijafika mwisho, kwa hiyo mahakama haikusema neno la mwisho na mimi sitasema. Lakini kilichoipa kesi ile uzito kilikuwa hasira ya barabarani ambayo mikononi mwa mtu asiye na bastola ingeishia kwenye matusi. Fikiria ukumbi wa sendofu saa sita usiku, bia zimepita, MC amemtania mtu vibaya mbele ya wakwe zake, na mtani wake ameitikia. Ugomvi wa namna hiyo tunao, na tunajua unavyomalizika kwa kawaida: mashati yanachanika, watu wazima wanaingilia kati, asubuhi kuna kikao. Wenye nyumba hawataki kuongeza risasi kwenye orodha hiyo.

Na kuna usahaulifu, ambao hata mtu mwema kabisa hana kinga nao. Marekani, nchi ambako kubeba bastola iliyofichwa ni jambo la mamilioni ya watu, mamlaka ya usalama wa usafiri, TSA, ilikamata silaha za moto 6,678 kwenye ukaguzi wa abiria viwanjani mwa ndege mwaka 2024. Mwaka wa kabla yake zilikuwa 6,737. Takriban 94 kati ya kila 100 za 2024 zilikuwa na risasi ndani. Mwaka huo faini iliweza kufika karibu dola 15,000, matangazo yamebandikwa kila ukuta, na bado utetezi unaosikika sana ni kwamba mtu alisahau imo kwenye begi. Hawa wengi wao si majambazi. Ni mwalimu, fundi bomba, mama mwenye duka, mtu aliyezoea chuma chake mpaka hakisikii tena. Wenye leseni wanaosema wako makini kila dakika wazitazame namba hizo, kisha wajiulize mara ya mwisho walisahau simu wapi.

Nimewapinga wenye leseni vya kutosha. Sasa wanaosema "aiache nyumbani" waniruhusu, kwa sababu hapo ndipo mambo yanapoharibika. Kuiacha nyumbani ni sawa kwa mtu anayetoka nyumbani Forest kwenda ukumbini Forest. Lakini aliyetoka Chunya asubuhi na fedha, akapitia benki, akapitia kwa fundi, na jioni anaingia sendofu ya mtoto wa dada yake, nyumbani kwake ni mbali. Mlinzi anamwambia kairudishe kwenye gari. Gari liko wapi? Limeegeshwa nje ya geti, kando ya barabara, pamoja na magari mengine hamsini, mbele ya vijana wa bodaboda waliokaa wanatazama kila anayerudi kwenye gari lake na kuinama chini ya kiti. Huhitaji kuwa mpelelezi kujua kilichowekwa pale. Marekani, kati ya 2017 na 2021, watu binafsi waliripoti kuibiwa silaha zaidi ya milioni moja, na magari ni moja ya sehemu zinazoibiwa sana. Sisi hatuna silaha nyingi kama zao, lakini uvunjaji wa vioo vya magari tunaujua vizuri tu. Bastola ikitoka kwenye gari hilo imeacha kuwa ya mzee aliyechujwa na kamati ya wilaya. Ni ya barabara ya Tunduma.

Njia ya tatu, iliyo mbaya kuliko zote, niliiona kwa macho yangu kwenye ukumbi mmoja hapa mjini. Mlinzi alikuwa mwanamke, mstaarabu, ana mashine ya mkononi. Ikalia ubavuni mwa mzee mmoja mfanyabiashara. "Shikamoo baba, samahani, hapa panalia." Mzee akasema polepole, "Marahaba mwanangu. Ni chuma hiyo, kibali ninacho." Mlinzi akasita, akageuka kuwatazama kina mama wa kamati waliokaa kwenye meza ya kupokea kadi. Mmoja akasema, "Iweke humu baba, sisi tupo," akavuta droo. Bastola ikafungwa kwenye kipande cha kitenge ikalazwa humo, pamoja na pini, bahasha za zawadi, na kisu cha keki chenye utepe wa zambarau (kisu hicho, kwa taarifa yenu, hakikupitishwa kwenye mashine). Hakuna aliyeuliza kama kuna risasi chemba. Droo haikuwa na kufuli. Ulipofika wakati wa kupeleka zawadi, kina mama wote wakainuka kucheza, na meza ikabaki na mtoto wa miaka kama saba anayekula karanga.

Usiku ule hakikuharibika kitu, mzee aliondoka na chuma chake. Lakini tazama kilichotokea kisheria kati ya mlio wa mashine na kufungwa kwa droo. Kibali ni cha mzee peke yake. Mama aliyeipokea hana kibali, mlinzi hana kibali, ukumbi hauna. Kwa saa nne silaha ilikuwa chini ya watu ambao sheria haiwaruhusu kuwa nayo, na mwenye kuruhusiwa alikuwa anacheza kwaito. Ingepotea, mzee ndiye angejibu polisi, kwa uzembe, na huenda mama wa kamati angejibu pamoja naye. Na kila aliyewahi kufundishwa silaha anajua kwamba bastola haina hatari kubwa kuliko pale inapotolewa ilikokaa, ikashikwa kwa wasiwasi, ikapewa mtu mwingine mbele ya watu. Risasi ya bahati mbaya hutoka kirahisi wakati wa kutoa, kupokea na kusafisha. Mlango wetu umelazimisha tendo hilo hilo lifanyike katikati ya foleni ya wageni, mbele ya watoto waliovaa nguo za kumetameta.

Linganisha na Songwe. Kwenye usafiri wa anga abiria mwenye silaha anajitokeza mapema na kuieleza kabla hajafika kwenye mashine, polisi wanakagua kibali, risasi zinatenganishwa na silaha. Kanuni za kimataifa za usalama wa anga zinataka mtu mwenye mamlaka na ujuzi athibitishe kwamba silaha haina risasi ndani, na isafirishwe kwenye mizigo ambako hakuna abiria anayeweza kuifikia. Mashine ya uwanja wa ndege si bora sana kuliko ile ya ukumbini. Tofauti ni kwamba pale jibu la "ninayo" limeandaliwa. Kuna mtu, kuna karatasi, kuna mahali. Afrika Kusini, ambako raia wengi zaidi wana bastola, sheria yao ya 2000 inamtaka anayebeba hadharani aiweke kwenye mkoba wake maalumu, aifunike kabisa, na aweze kuidhibiti. Sheria hiyo hiyo inampa waziri uwezo wa kutangaza eneo fulani kuwa silaha haziruhusiwi. Nao wana matatizo yao ya silaha, makubwa kuliko yetu, wala sipendekezi tuwaige. Ila angalau wamekubali kwamba bastola halali ni kitu kinachotembea mjini na kinahitaji kuambiwa kisimame wapi.

Kwa kumbi zetu hili halihitaji fedha ya kutisha. Mwenye ukumbi ana uamuzi wa aina mbili tu ulio wa maana. Ama aseme wazi kabla, kwenye kadi na kwenye bango la geti, kwamba silaha haziingii na hakuna pa kuzihifadhi, ili mtu apange safari yake akiwa bado nyumbani au aipitishe kituoni kabla hajaja. Kadi zetu zinajua tayari kuwaambia watu watoto wabaki nyumbani, mstari mmoja zaidi hautaziba jina la bibi harusi. Ama, kama shughuli ni kubwa kiasi cha kufunga mashine, aombe askari polisi mwenye daftari na kasha la chuma lenye kufuli, kwenye chumba cha pembeni, ambako mwenye silaha anatoa risasi mwenyewe akielekeza mtutu salama, namba inaandikwa, anapewa stakabadhi. Shughuli nyingi kubwa zinaomba kibali na ulinzi wa polisi hata sasa, kwa hiyo tunachoongeza ni daftari na kasha. Sokoine na Samora ya Iringa hazina udhuru kabisa: polisi wako pale kila mechi, na kanuni za viwanja za FIFA hazimruhusu mtazamaji kuingia na silaha ya aina yoyote. Kinachokosekana ni agizo linalosema polisi wanapokea, na mlinzi wa kampuni hagusi. Hilo la mwisho nalitilia mkazo. Mlinzi wa kiraia kazi yake iishie kwenye kusema "subiri hapa, baba," na kumwita askari.

Agizo hilo haliwezi kutoka kwa wenye kumbi, kwa kuwa kila mmoja ataandika lake. Sheria ya 2015 inasimamiwa na Wizara ya Mambo ya Ndani na polisi, na kanuni ya ukurasa mmoja kuhusu silaha halali inapokutana na ukaguzi mlangoni iko ndani ya uwezo wao. Mkoa unaweza hata kuanza bila kusubiri wizara, kwa makubaliano kati ya polisi na wamiliki wa kumbi, kama wanavyokubaliana kuhusu muda wa kuzima muziki.

Ila nina wasiwasi na sehemu moja, na sijui kama waandishi wa kanuni watakuwa na ubavu nayo. Nimeona mara nyingi mashine ikilia kwa mtu aliyeshuka kwenye gari kubwa, na mlinzi akarudisha mkono nyuma haraka kama aliyeungua: "Pita mheshimiwa." Anayemfuata mheshimiwa naye anapita, na mpambe wa mpambe. Askari aliye kazini kumlinda kiongozi ana sababu yake, ajitambulishe kwa askari wa mlangoni, aandikwe, apite. Mheshimiwa mwenyewe mwenye bastola yake binafsi hana tofauti na yule mzee wa Chunya, kibali chao ni cha sheria moja. Mlinzi anayelipwa kidogo hawezi kuibeba kanuni hiyo mabegani mwake peke yake. Atakayeweza kumwambia mkuu wa wilaya atoe magazini ni askari mwenye cheo anayejua kwamba mkubwa wake wa kazi atasimama upande wake kesho asubuhi simu ikipigwa. Kama kanuni itakuja bila kipengele hicho, kasha la chuma litajaa bastola za wafanyabiashara tu, na zile nyingine zitaendelea kukaa meza ya mbele.